Jiwe la Kusagia na Santuri: Ushairi wa Wanawake na Kazi ya Kutafsiri katika Nchi ya Chai

Historia ya nchi iliyoanzia misitu ya Mau na Londiani ikashuka hadi Kericho, Bureti, Bomet na Sotik imezoea kupimwa kwa ekari na kilo. Tunasoma ekari zilizotwaliwa, ekari zilizopandwa, kilo zilizochumwa na bei zilizopanda au kuanguka. Katika ardhi hiyo hiyo ipo historia ya umri mkubwa kuliko mche wa chai, nayo ni historia ya maneno ya wanawake: jinsi yalivyotungwa, jinsi yalivyopokea mambo ya wageni na kuyapa makao, na jinsi yalivyopita katika mikono ya maofisa, wamisionari, wanasa sauti na maprofesa hadi kufika kizazi hiki. Watungaji wake walikuwa washairi bila kuitwa washairi, na wafasiri bila kulipwa ujira wa mfasiri. Jina la mmoja wao, Chemutoi Ketienya, lilivuka bahari. Ili kuelewa lilivukaje, ni lazima kuanza mbali.

Masimulizi ya Wakipsigis yanasema kwamba waliteremka kutoka kaskazini pamoja na ndugu zao Wanandi, wakatengana nao, na kilima cha Tulwap Kipsigis karibu na Londiani kikabaki kuwa alama ya mwanzo wao katika nchi hii. Baada ya hapo walienea Belgut, Waldai, Bureti na Sot. Walikuwa wafugaji waliolima wimbi, na wimbi lilisagwa na wanawake juu ya jiwe. Maisha yaligawanywa kwa marika, na kila daraja la maisha lilikuwa na nyimbo zake. Kulikuwa na nyimbo za kubembeleza watoto, nyimbo za arusi, nyimbo za kuwapokea vijana waliorudi na ng'ombe wa mateka, na nyimbo za siri walizofundishwa wasichana walipotengwa baada ya tohara. Hizi za mwisho zilikuwa shule kamili. Ndani yake mlikuwa na adabu, historia ya ukoo, mafumbo, na lugha ya kuficha ambayo mwanamume hakupaswa kuielewa. Msichana aliyetoka huko alikuwa amehifadhi moyoni maneno ambayo angeyarithisha kwa mdomo tu, kama maziwa ya mursik yanavyotoka katika kibuyu kimoja kilichooshwa kwa mkaa na mkono uleule mwaka hata mwaka.

Umbo hilo la ushairi halikuwa la Wakipsigis peke yao. Katika nyanda za Maharashtra, magharibi mwa India, wanawake wanaozungumza Kimarathi waliimba beti fupi ziitwazo ovi tangu alfajiri huku wakizungusha mawe ya kusagia, na Janabai, mtumishi wa nyumbani aliyeishi yapata miaka 700 iliyopita, amekumbukwa hadi leo kwa mashairi ya ibada yaliyozaliwa katika kazi za namna hiyo. Kwenye pwani yetu wenyewe, mwaka 1858, Mwana Kupona binti Msham aliandika utendi wake wa wosia kwa bintiye kwa hati ya Kiarabu. Tofauti kati ya Mwana Kupona na mtungaji wa Bureti wa wakati huohuo haikuwa katika kipaji. Mmoja alikuwa na kalamu na karatasi, mwingine alikuwa na pumzi na kumbukumbu za wenzake.

Hata kazi ya kutafsiri ilikuwapo kabla ya mmisionari. Mipaka ya Wakipsigis ilipakana na Wagusii, Wajaluo na Wamaasai, na katika mipaka hiyo vita na biashara vilienda pamoja. Watu wa Gusii na wa Maasai walichukuliwa, wakaolewa, wakaasiliwa, wakapewa koo na majina. Mwanamke aliyeingia katika boma la mumewe akiwa na lugha nyingine alikuwa mfasiri kuanzia siku ya kwanza. Alijifunza kumwita mama mkwe kwa neno sahihi, na jioni alimbembeleza mtoto kwa wimbo wa kwao, uliokwisha kupindwa ukaenea kinywa cha Kipsigis. Kwa njia hiyo nyimbo zilivuka mito bila kuulizwa zilitoka wapi.

Mwishoni mwa karne ya 19 dunia nyingine ilifika, nayo ilianza kwa tafsiri mbaya. Wasafiri wa misafara, wakilifuata jina walilolisikia kwa Wamaasai, waliwaita Wakipsigis "Walumbwa". Waingereza wakalichukua jina hilo wakaliandika kwenye ramani na katika barua za serikali. Reli iliyotoka Mombasa ilifika ziwani mwezi Desemba 1901, ikipita kituo kilichoitwa Lumbwa, ambacho leo ni Kipkelion. Mwaka 1902 nchi yote hii ilihamishwa kutoka Himaya ya Uganda ikawa sehemu ya Himaya ya Afrika Mashariki. Watu walitawaliwa kwa muda wa kizazi kizima na zaidi kwa jina ambalo hawakujiita wao. Hata jina la Kericho lina ubishi wake: wapo wanaolitoa kwa mzee wa Kimaasai, na wapo wanaolitoa katika neno kerichek, yaani dawa.

Mwaka 1905 majeshi ya Uingereza yalipiga Sotik na kuteka ng'ombe kwa maelfu. Mwaka huohuo, upande wa Nandi, Koitalel arap Samoei, aliyekuwa orkoiyot, yaani kiongozi wa kiroho, aliuawa. Nduguye Kipchomber arap Koilegen, aliyekuwa orkoiyot kwa Wakipsigis, alihamishwa mwaka 1914 pamoja na ndugu zake wawili na kupelekwa nchi ya Wakikuyu, akafia ugenini Fort Hall. Serikali iliogopa sana neno la ukoo wa Talai, ukoo wa viongozi hao, kwa kuwa neno la orkoiyot lilichukuliwa kuwa na nguvu ya kutenda. Ninalitaja jambo hili kwa sababu linaonyesha thamani ya usemi katika nchi hiyo: mtu aliweza kufukuzwa kwao kwa ajili ya maneno. Neno la wanawake halikumwogopesha ofisa yeyote. Kwa sababu hiyo halikupigwa marufuku, na kwa sababu hiyohiyo halikuandikwa.

Waandishi wa kwanza walikuwa na masikio ya upande mmoja. A. C. Hollis, ofisa wa serikali, alichapisha mwaka 1909 kitabu kikubwa juu ya Wanandi, lugha yao na ngano zao, na kwa kuwa lugha hizo mbili ni ndugu wa karibu, kikawa pia mlango wa kuingilia Kikipsigis. J. G. Peristiany alifuata mwaka 1939 na kitabu chake kuhusu taasisi za jamii ya Kipsigis. Ian Orchardson, aliyeishi miongoni mwa Wakipsigis kwa miongo na kuoa huko, aliacha maandishi yaliyochapishwa kwa ufupisho mwaka 1961, baada ya kufa kwake. Ni kazi za bidii na mwanafunzi hawezi kuziruka. Lakini wote watatu walikuwa wanaume, na ushairi mzito wa wanawake uliimbwa mahali ambapo mwanamume haruhusiwi kuketi.

Wamisionari walileta kalamu ya aina nyingine. Willis Hotchkiss, Mkweka wa Marekani aliyekuwa miongoni mwa waanzilishi wa Kaimosi mwaka 1902, alihamia nchi ya Kipsigis mwaka 1905 akaanzisha misheni ya kazi za mikono. Africa Inland Mission iliingia Litein katika miaka ya 1920, na miaka ya 1930 ikaona kuanza kwa Tenwek, karibu na Bomet, ambayo baadaye ilikua kuwa hospitali mashuhuri. Tafsiri ya Biblia kwa Kinandi, iliyosimamiwa na mmisionari Stuart Bryson pamoja na wasaidizi Wanandi, ilitoa Agano Jipya mwaka 1933 na Biblia nzima mwaka 1939, na Wakipsigis wakaisoma. Wanaokumbukwa kuwa waliketi kwenye meza ya tafsiri hiyo ni wanaume. Walioibeba tafsiri kutoka mezani hadi vilimani walikuwa wanawake, maana ndio waliojaza makanisa na kwaya. Tienwogik, yaani nyimbo, lilikuwa neno la ngoma na la sherehe. Sasa likawa pia neno la tenzi za kanisani. Mistari ya Kiingereza iliyopimwa kwa silabi za Kiingereza ilikataa kukaa katika Kikipsigis, ambacho hupandisha na kushusha sauti ndani ya neno lenyewe. Waimbaji ndio waliorefusha hapa na kukata pale hadi wimbo ukaimbika. Huko nako ni kutafsiri, tena sehemu yake ngumu zaidi.

Kisha ikaja chai. Mche wa kwanza nchini ulipandwa Limuru mwaka 1903, lakini Kericho ilingoja. Baada ya Vita Kuu ya kwanza, ekari 25,000 za ardhi ya Kipsigis zilitolewa kwa mpango wa kuwakalisha maofisa wa Uingereza waliolemazwa vitani, walime kitani. Bei ya kitani ilianguka na mpango ukafa. Katikati ya miaka ya 1920 makampuni mawili makubwa, Brooke Bond na James Finlay, yalinunua ardhi na kuanza kupanda chai kwa upana ambao Afrika Mashariki haikuwa imeuona. Mvua inayonyesha karibu mwaka mzima, inayozaliwa na unyevu wa Ziwa Victoria ukikutana na ubaridi wa Mau, iliufaa mmea huo kuliko mahali pengi duniani. Wakipsigis wengi walikataa mwanzoni kuchuma majani kwenye ardhi waliyoijua kuwa yao. Makampuni yakawaleta vibarua kutoka Kisii, Nyanza na Buluhya. Wenyeji walisukumwa katika hifadhi, na mwaka 1934 sheria maalumu ikatungwa ya kuuhamisha ukoo wote wa Talai. Watu wapatao 700 walipelekwa Gwassi, kando ya ziwa, penye joto na mbung'o, wakakaa huko hadi uhuru ulipokaribia.

Mashamba hayo yaliumba mji wa lugha. Katika laini za vibarua, zile safu za nyumba ndogo zilizofanana kama punje za hindi, Kigusii kilipakana na Kijaluo, Kiluhya kikasikika ukutani, na Kiswahili kikawa lugha ya nyapara, ya mzani na ya bomba la maji. Wanawake walifuata waume zao, kisha wakaanza kuchuma wenyewe, na hatimaye kikapu cha mgongoni kikawa alama yao. Majani mawili na kichipukizi, toka alfajiri umande ukiwa mzito. Kazi ya mikono inayojirudia huita wimbo, na wimbo katika shamba la makabila mengi hauwezi kubaki katika lugha moja. Mama wa Kigusii alijifunza kiitikio cha Kipsigis, jirani yake akajifunza chake, na Kiswahili kikashikilia pande zote. Mahali hapa ndipo desturi ya zamani ya mpakani ilipopata uwanja mpana.

Vita ya Pili ya Dunia ilibadilisha hata jina la watu. Vijana wa makabila haya ndugu walipokutana katika Alliance High School na katika jeshi, na mtangazaji John Chemallan alipokuwa akifungua matangazo yake ya redio kwa neno linalomaanisha "nawaambia", neno hilo, Kalenjin, lilikua likawa jina la umoja wa Wakipsigis, Wanandi, Watugen, Wakeiyo na wenzao. Ni jambo la kutafakari kwamba jamii iliyoitwa Lumbwa kwa kosa la wageni ilijipatia jina jipya kutokana na kitendo cha kusema. Wakati huohuo santuri za gramafoni, zilizoletwa na wageni, zilikuwa zimekwisha kuingia vijijini. Miongoni mwake zilikuwamo za Jimmie Rodgers.

Rodgers alizaliwa Mississippi, Marekani, mwaka 1897. Alifanya kazi ya breki katika magari moshi, akaugua kifua kikuu, na kuanzia mwaka 1927 akarekodi nyimbo zilizomfanya kuwa mmoja wa waasisi wa muziki wa kantri. Alama yake ilikuwa namna ya kuivunja sauti, akiirusha kutoka kifuani hadi juu kooni na kuirudisha. Alikufa mwaka 1933 bila kufika Afrika. Sauti yake ndiyo iliyofika. Katika Kikipsigis hakuna "j" ya Kiingereza. Sikio huiweka "ch" mahali pake. Jimmie Rodgers akawa Chemirocha. Tena jina hilo halikubaki geni, kwa maana Che- ndiyo mwanzo wa majina mengi ya huko, kama Chebet, Cherono na Chemutoi. Mtu wa Mississippi alipokewa kwa mlango uleule wanaopokewa watoto.

Mwaka 1950 Hugh Tracey, Mwingereza aliyekuwa ametumia miaka mingi kunasa muziki wa kusini na kati ya Afrika, alifika Kapkatet, Bureti, na mitambo yake. Alinasa nyimbo nyingi. Wanaume waliimba Chemirocha zao kwa kinubi cha nyuzi, naye akaziorodhesha kwa namba. Ya tatu iliimbwa na Chemutoi Ketienya pamoja na wasichana wa Kipsigis. Ni wimbo mfupi. Kinubi kinakwenda mbio kwa mzunguko mdogo usiochoka, sauti moja inatangulia, sauti za wasichana zinaifunika, na jina la Chemirocha linarudi tena na tena, likiwa limelainishwa hadi karibu kuwa mnong'ono. Maelezo ya Tracey yanasema kwamba katika wimbo huo Chemirocha ni kiumbe nusu mtu nusu swala, na wasichana wanamwalika acheze mpaka nguo zimvuke.

Wengi wa nje waliousikia wimbo huo wameusimulia kama kioja: Waafrika waliosikia santuri wakadhani ndani yake mna jini. Nadhani usomaji huo unawadhulumu wasichana wa Kapkatet. Ushairi wa Kipsigis ulikuwa na mafumbo ya wanyama tangu zamani, na mtungaji aliyekutana na sauti isiyo na mwili, inayopanda kama ya mnyama na kushuka kama ya mtu, alifanya kile ambacho kila mfasiri hodari hufanya: alitafuta katika hazina ya lugha yake picha inayolingana na jambo lisilo na jina. Nusu mtu, nusu swala. Sijui maelezo sahihi zaidi ya ile sauti ya kuvunjika ya Rodgers. Naye mgeni huyo hakuogopwa. Aliitwa uwanjani acheze na wasichana, yaani alitiwa katika desturi na kupimwa kwa vipimo vya ngoma ya nyumbani. Miaka 45 baada ya vita vya Sotik, katika nchi ambako kila kilichotoka ng'ambo kilikuja na amri au kodi, wimbo huu ni mojawapo ya mahali pachache ambapo mwenyeji ndiye aliyeweka masharti.

Linganisha na yaliyotukia Maharashtra karibu wakati huohuo. Bahinabai Chaudhari, aliyezaliwa mwaka 1880 katika kijiji cha Asode, Jalgaon, alikuwa mkulima asiyejua kusoma. Alifiwa na mume mwaka 1910. Alitunga akipanda, akivuna na akisaga, kwa lahaja ya kwao. Mwanawe Sopandev, mshairi mwenyewe, alisaidia kuyanakili mashairi hayo, na baada ya mama huyo kufariki Desemba 1951, mwandishi P. K. Atre aliyapokea kwa mshangao na diwani ikatoka mwaka 1952. Leo chuo kikuu kizima cha Jalgaon kina jina lake. Katika kizazi kilichofuata, Shanta Shelke, aliyezaliwa 1922 na kufariki 2002, alikuwa na elimu ya juu na kalamu mkononi. Alitunga mashairi na nyimbo za filamu, akatafsiri kwa Kimarathi Meghaduta ya Kalidasa na haiku za Wajapani, na mwaka 1996 akaongoza mkutano mkuu wa fasihi ya Kimarathi uliofanyika Alandi. Njia kutoka jiwe la kusagia hadi kiti cha mkutano ilipitika kwa sababu lugha ile ilikuwa na magazeti, shule na wachapishaji. Bahinabai alikuwa na mtoto aliyejua kuandika. Chemutoi alipata mpita njia mwenye kinasa sauti, naye akaondoka na kanda zake.

Kanda hizo zilisafiri kusini. Tracey alianzisha mwaka 1954, huko Roodepoort, taasisi ya kuhifadhi muziki wa Afrika, inayojulikana kwa kifupi chake cha ILAM. Alifariki mwaka 1977, na mwaka uliofuata hazina hiyo ikahamishiwa Chuo Kikuu cha Rhodes, Grahamstown. Wasikilizaji wa Ulaya na Marekani waliweza kununua sauti ya Kapkatet madukani. Kapkatet yenyewe haikuwa nayo.

Uhuru ulipofika mwaka 1963, nchi ya chai ilianza kubadilika kutoka chini. Wakulima wadogo, waliokuwa wamezuiwa kwa muda mrefu kupanda chai, walipewa ruhusa katika miaka ya mwisho ya ukoloni, na mwaka 1964 shirika la KTDA likaundwa kuwahudumia. Vituo vya kununulia chai vikatokea kandokando ya barabara za udongo, na viwanda vya wakulima wenyewe vikajengwa, Kapkatet kikiwamo. Wanawake waliochuma kwa ajili ya kampuni sasa walichuma pia kwa ajili ya nyumba zao, ingawa hati ya shamba na malipo ya mwaka, yale yanayoitwa bonasi, kwa kawaida vilikuwa kwa jina la mume. Mwaka 1969 Biblia ya Kikalenjin ilitoka, na lugha iliyoandikwa ikazidi kusanifishwa. Taaitta Toweett, mwanasiasa na mwanaisimu aliyezaliwa katika nchi hii, alichapisha mwaka 1979 masomo yake ya isimu ya Kikalenjin na ya historia simulizi ya Wakipsigis.

Mageuzi yaliyogusa ushairi wa wanawake kwa karibu zaidi yalitokea Nairobi. Oktoba 1968 Ngũgĩ wa Thiong'o, Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong walipendekeza kwamba Idara ya Kiingereza katika chuo kikuu ivunjwe na fasihi ya Afrika, simulizi ikiwa shina lake, iwekwe katikati. Hoja hiyo ilifungua mlango ambao wanawake wasomi waliupita kwa haraka. Naomi Kipury alitoa mwaka 1983 mkusanyo wa fasihi simulizi ya Wamaasai. Wanjiku Mukabi Kabira, pamoja na Karega Mutahi, alitoa wa Wakikuyu mwaka 1988. Ciarunji Chesaina wa Chuo Kikuu cha Nairobi alitoa wa Wakalenjin mwaka 1991. Kwa mara ya kwanza aliyeshika kalamu ya kutafsiri nyimbo za Kikalenjin kitabuni alikuwa mwanamke mwenye kiti katika chuo kikuu, na swali la nani ametunga, kwa nini, na mbele ya nani, likaingia ukurasani. Pwani ilikuwa imepata bahati kama hiyo mapema zaidi kwa njia isiyotarajiwa: utendi wa Mwana Kupona ulichapishwa pamoja na tafsiri mwaka 1934 na William Hichens akishirikiana na Alice Werner, mwalimu wa Kiswahili wa London ambaye ujanani alikuwa ametoa diwani ya mashairi yake mwenyewe. Mshairi alimfasiri mshairi. Nchi ya chai ilingoja zaidi ya nusu karne.

Wakati vitabu vikiandikwa, shule ya kale ya nyimbo ilikuwa inafungwa. Makanisa yalipinga tohara ya wasichana tangu mwanzo. Sheria ya watoto ya mwaka 2001 iliikataza kwa wasichana wadogo, na sheria ya mwaka 2011 ikaipiga marufuku kabisa. Ilikuwa haki kuipiga marufuku, na damu ya wasichana waliokufa haihitaji hoja nyingine. Ila ndani ya desturi hiyo iliyodhuru mlikuwa pia na darasa la ushairi, na darasa halikuwa na chumba kingine cha kuhamia. Makanisa na vikundi vya akina mama katika Kericho na Bomet vimejaribu sherehe mbadala, ambamo wasichana hufundishwa kwa majuma bila kisu, na baadhi ya nyimbo zimehama nazo zikiwa na maneno mapya. Wapo wanaoona kuwa wimbo uliobadilishwa si wimbo tena. Historia hii yote inawajibu kwamba haujawahi kuwapo wimbo usiobadilishwa.

Mwanzo wa karne hii hewa ilifunguliwa. Redio za Kikalenjin kama Kass FM na Chamgei FM ziliingia jikoni na mashambani, na Katiba ya 2010 ikaitaka serikali ikuze na kulinda lugha za wananchi. Chuo Kikuu cha Kabianga kilipata hati yake mwaka 2013. Katikati ya miaka ya 2010, ILAM chini ya Diane Thram, ikishirikiana na Ketebul Music ya Tabu Osusa na mradi wa Singing Wells, iliamua kuzirudisha sauti za 1950 zilikotoka. Wazee waliokuwa vijana siku ile walitafutwa, wengine wakapatikana, wakasikilizishwa sauti zao na za wenzao waliokufa. Miaka 65 ilikuwa imepita. Kwao hakukuwa na kioja chochote katika Chemirocha. Walikuwa wakisikia majirani.

Februari 2023 wanawake wa mashamba ya chai walisikika tena duniani, safari hii bila kinubi. Katika kipindi cha Panorama cha BBC, zaidi ya wanawake 70 walieleza jinsi walivyodhulumiwa kingono na wasimamizi wao ili wapate au wasipoteze kazi. Walisema kwa lugha zao, maneno yakafasiriwa chini ya picha, na Bunge la Kenya likaagiza uchunguzi. Mwezi Mei mwaka huohuo vijana wa Kericho walichoma moto mashine za kuchumia chai zilizokuwa zikichukua kazi za mikono. Mashine moja hufanya kazi ya wachumaji wengi, na mahali inapopita hakuna anayeimba.

Kanda asili ya Chemutoi Ketienya na wasichana wake ingali imehifadhiwa kusini. Mji unaoitunza, Grahamstown, ulibadilishiwa jina mwaka 2018. Sasa unaitwa Makhanda, jina la nabii wa Waxhosa aliyeushambulia mji huo mwaka 1819, akafungwa katika kisiwa cha Robben, na akazama baharini akijaribu kurudi kwao.